Mzee Marahaba na Simu Isiyoamkia

Kijiwe chetu kiko Katesh, ubavuni mwa mashine ya kusaga, pale gari la Haydom linaposhusha abiria. Ni benchi moja refu, birika la kahawa la Perpetua, na mimi pembeni na sindano yangu ya kushonea viatu. Mashine ikinguruma tunapaza sauti. Ikizimwa tunasahau kuishusha, ndiyo maana Katesh nzima inajua mambo yetu. Mwaka huo mahindi yalikubali, Mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu lake la asubuhi, na hatukuwa na adui duniani isipokuwa yule dada wa kwenye simu. Yule wa kurekodiwa, anayekupigia kwa namba usiyoijua, akusomee habari za bahati nasibu na miito ya nyimbo, halafu akuamrishe ubonyeze moja. Tulikuwa tumeshasajili laini kwa alama za vidole, tukidhani sasa atanyamaza. Wapi!

Aliyewasha moto alikuwa Xavery muuza vocha. Kwa urefu wake, na kwa kudai anajua kila kitu cha mtandao, tunamwita Mnara.

MNARA: Jumapili kanipigia nikiwa kanisani. Padri kainua mikono, yule naye "mpendwa mteja!" Kanisa zima likageuka.

METHALI: Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Huyu ni Patriki, dalali wa ng'ombe mnadani, tunamwita Methali. Ana methali ya kila jambo, na mara nyingi ni ya jambo jingine.

MNARA: Apone nini? Nimetoka nje kwa aibu!

PERPETUA: Si ungezima simu, wewe?

MNARA: Mama, kuzima si dawa. Yule anaiwasha kutoka huko huko aliko. Na usimwambie "haloo". Ukisema haloo, anaikamata sauti yako. Keshokutwa watu wanapigiwa kwa sauti ya Perpetua: mpendwa mteja, kahawa tayari.

PERPETUA: Basi anilipe na mimi.

METHALI: Mimi nasikia huyo dada alishaolewa zamani, ana wajukuu. Sauti ndiyo imebaki kazini.

MNARA: Wajukuu gani! Mashine hiyo. Inasikiliza pumzi. Ikisikia pumzi ya mtu mwenye shamba, inampigia zaidi.

Tulicheka, isipokuwa mmoja. Mzee Tadei alikuwa amekaa mwisho wa benchi, simu yake ndogo ya kitochi iko juu ya goti, anaitazama kama anatazama ng'ombe anayetaka kuzaa. Huyu ndiye tunamwita Mzee Marahaba. Mtoto akipita ng'ambo ya barabara bila kumwamkia, humwita avuke aje amwamkie, kisha avuke tena aende zake.

Wiki ile mzee alikuwa na sababu ya kukodolea simu. Mwanawe Maximilian alikuwa amependa binti wa Maretadu, Irene, na mshenga alishapeleka asali ya posa. Baba wa binti, Mzee Yoakimu, alilipokea galoni, akachukua namba ya Mzee Tadei, akasema: nitapiga mimi mwenyewe kumjibu. Yake hakuitoa. Na kwetu, aliyepeleka asali hafuatilii. Anakaa kwake anasubiri. Maximilian alikuwa amekonda mpaka viatu nilivyomshonea vikawa vinampwaya.

PERPETUA: Mzee, bado hajapiga?

TADEI: Bado. Anayepiga ni yule mashine tu.

MNARA: Unamjuaje kuwa ni mashine, na wewe hutaki kusema haloo?

Mzee akakaa sawa. Swali hili alikuwa analisubiri.

TADEI: Nyie vijana mnahangaika bure. Mimi namba nisiyoijua napokea, nanyamaza. Anayepiga simu ni sawa na anayekuja nyumbani kwangu. Mwenye hodi ni nani, mgeni au mwenyeji?

METHALI: Mgeni.

TADEI: Haya. Basi aanze yeye. Mtu aliyelelewa atasema shikamoo. Mashine haina mama, nani ameifundisha shikamoo? Isipoamkia, nakata.

Benchi zima likaguna kwa heshima. Mimi mwenyewe niliacha sindano. Serikali imechukua vidole vyetu vyote, kumbe dawa ilikuwa adabu!

METHALI: Kimya kingi kina mshindo mkuu.

PERPETUA: Leo umeipatia, Patriki. Kunywa.

Hapo hapo kitochi kikalia. Namba ngeni. Mzee akainua mkono tunyamaze, akabonyeza, akakiweka sikioni. Kimya. Tukasogea. Upande wa pili kulikuwa na mtu au kitu kinapumua. Kisha ng'ombe akalia, mbali kidogo. Hakuna shikamoo. Mzee akasubiri, akasubiri, akakata.

TADEI: Mmeona? Hata jana ilipiga hivi hivi.

PERPETUA: Lakini kuna ng'ombe, mzee.

MNARA: Siku hizi wanaiwekea mpaka ng'ombe. Ikipiga Dar inaweka honi, ikipiga Hanang inaweka ng'ombe. Inajua uko wapi!

METHALI: Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Tukakubaliana kwamba dunia imeharibika, tukaongeza vikombe. Kahawa ilikuwa nzuri asubuhi ile, nasema ukweli, na nilijiona mtu mwenye bahati kukaa na watu wenye akili namna hii.

Gari la Haydom likafika. Akashuka mama mmoja wa makamo, shuka begani, mkononi amebeba galoni la njano. Akaja moja kwa moja benchini.

– Shikamooni, wazee.

– Marahaba! akajibu Mzee Tadei peke yake, kwa niaba ya wote kama kawaida yake.

– Namtafuta Mzee Tadei.

– Ndiye mimi, mwanangu. Karibu ukae.

– Naitwa Genoveva, natoka Maretadu. Irene ni mtoto wa kaka yangu.

Akaliweka galoni juu ya benchi. Nililitambua kabla Mzee Tadei hajasema neno. Mfuniko ulifungwa kwa kipande cha ngozi nilichokikata mimi kwa mkono wangu. Ilikuwa asali yetu ya posa, imerudi. Asali ikirudi, posa imekataliwa, hakuna haja ya kueleza. Niliona huruma. Mzee alitazama galoni, akavua kofia, akaivaa tena.

TADEI: Kwa nini, mwanangu? Mtoto wangu ana kosa gani?

GENOVEVA: Mtoto hana kosa. Kaka amepiga simu tangu juzi, mzee. Inapokelewa, mtu anapumua, anakata. Hata leo alikupigia nikiwa ndani ya gari, nikamuuliza kwa simu, akasema wamekata tena. Anasema nyumba isiyo na salamu hampeleki binti yake.

Perpetua akamtazama Mnara. Mnara akatazama angani.

PERPETUA: Ng'ombe wa kwenye simu ni wa nani?

GENOVEVA: Wa kaka. Anapigia zizini, ndiko kuna mtandao.

TADEI: Lakini mbona hakusema kitu? Yeye ndiye mgeni wa simu! Angepiga hodi!

GENOVEVA: Kaka anasema aliyeomba binti ndiye anayeamkia kwanza. Na yeye anasumbuliwa na yule dada, kwa hiyo hasemi na simu mpaka isikike shikamoo. Anasema mashine haina adabu.

Nani angecheka? Kwanza hatukuthubutu. Mzee Tadei alikuwa anafikiri, na ilionekana anafikiri kwa uchungu.

TADEI: Kwani yeye kazaliwa lini?

GENOVEVA: Mwaka wa nzige.

TADEI: Hata mimi mwaka wa nzige!

METHALI: Nzige walikuja mara nyingi.

GENOVEVA: Sasa mkubwa ni nani?

Kumpa shikamoo mtu asiyestahili, kwa Mzee Tadei, ni kama kumpa ng'ombe na kamba yake. Kwa miaka yote niliyoshona viatu pale sijawahi kumsikia akiisema. Yeye huipokea tu. Genoveva akatoa simu yake, akapiga, akaiweka sauti ya juu, akailaza juu ya galoni.

GENOVEVA: Kaka yuko hewani. Nikiondoka hapa bila salamu, mzee, asali inabaki kwako.

Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa. Tulisikia pumzi. Tukasikia ng'ombe. Mzee Tadei akavua kofia, na safari hii hakuivaa. Akainama kwenye simu kama mtoto aliyetumwa kwa jirani.

– Shikamoo, akasema.

Na kwenye simu, sekunde ile ile, sauti nzito ya mzee mwingine:

– Shikamoo.

Mzee Tadei akasubiri apokelewe. Kule Maretadu naye akasubiri apokelewe. Nikaona bega la Mzee Tadei linatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Na kule zizini mtu akaanza kucheka pia, kicheko kikubwa cha kifua, mpaka ng'ombe akanyamaza.

MNARA: Huyu ni mtu. Nathibitisha.

Genoveva akalivuta galoni kutoka kwenye benchi, akalirudisha mapajani mwake, akalifunika kwa shuka. Linarudi Maretadu, posa imepokelewa. Perpetua akainua birika ammiminie mgeni, likatoa machicha matupu.

– Haya wazee, Genoveva akauliza, sasa marahaba anasema nani?

Mzee Marahaba mwenyewe, kofia mkononi, alikuwa anaendelea kucheka.