Mwambire wa Mabwawani na Mchezo wa Hatua Arobaini na Nne

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, Bwana Mwambire Kazungu anakabidhi buti zake, kofia yake na funguo za malango ya maji, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha chumvi hapa Gongoni kwa miaka thelathini na mitatu na miezi miwili. Ule mzaha wa kwamba mzee amekula chumvi nyingi umepigwa marufuku katika jarida hili. Tumeusikia wa kutosha, na anayeupenda kuliko wote ni yeye mwenyewe.

Aliajiriwa Juni 1992 akiwa kibarua wa kukwangua chumvi. Miaka sita baadaye akawa nyapara wa zamu, na tangu 2004 amekuwa msimamizi wa mabwawa yote ya kukaushia. Kazi hiyo ukiisikia kwa maneno utaiona nyepesi: kuingiza maji ya bahari, kuyahamisha bwawa hadi bwawa yakizidi kukolea, kisha kujua siku ya kuvuna. Hiyo siku sasa ndiyo kasheshe. Ukiwahi unavuna tope, na ukichelewa mvua inakuyeyushia jasho la mwezi mzima. Mwambire hakuvidharau vipimo vya maabara, lakini kila asubuhi alitia kidole majini, akakilamba, akatafakari kidogo, akatamka kesho au keshokutwa. Hannah wa maabara aliwahi kushindanisha kidole hicho na kifaa chake msimu mzima. Kifaa kilikosea mara tano, kidole mara mbili. Hannah hakufurahi, na matokeo hayo hakuyabandika popote.

Hata hivyo, wengi wetu tutamkumbuka kwa sataranji. Mwaka 1995 fundi mmoja wa pampu, jina lake Thuku, alikuja kutoka bara kwa kazi ya wiki mbili akakaa miezi minne, kwani pampu zile hazikuwa na adabu. Katika kungojea vipuri ndipo alipomfundisha Mwambire mchezo huo, na alipoondoka akamwachia ubao na kete thelathini na moja. Askofu mmoja mweupe hakuonekana. Mwambire akachonga mwingine kwa bonge la chumvi, na askofu huyo alitumika vizuri tu kiangazi. Masika yalipoingia alianza kusinyaa, wiki baada ya wiki, mpaka akawa mfupi kuliko askari wake. Peterson wa karakana alimhurumia akachonga wa mbao.

Mchezo ukaenea kantini nzima. Kwa kuwa mapumziko ya mchana ni dakika arobaini tu, hakuna mchezo uliowahi kwisha siku moja, ndipo tukajipatia desturi yetu. King'ora cha saa saba kikilia, mwenye zamu anaandika hatua yake kwenye karatasi, anaikunja, anaichomeka chini ya ubao, watu wanarudi kazini. Kesho yake karatasi inafunguliwa na mchezo unaendelea. Upo mchezo wa Peterson na Hannah uliochukua siku kumi na moja, Pasaka ikiwa katikati.

Desturi ya pili aliileta Mwambire. Mchezo ukiisha, anayesimama mbele ya ubao mweusi wa zamu na kuuchambua ni yule aliyeshindwa. Mshindi hukaa akanyamaza. Alizoea kutuambia kwamba mshindi hajui kitu, furaha imemziba macho. Aliyeshindwa ndiye mwenye sababu ya kurudi nyuma hatua kwa hatua, aonyeshe mahali alipoanza kushindwa, na mara nyingi ni mapema zaidi kuliko watu walivyodhani. Mimi ninayeandika haya, Gladys Randu, karani wa mizani, nimesimama pale mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kuwaeleza madereva ishirini upumbavu wako, nao wanakula maharagwe wakikutazama, si jambo dogo.

Desturi hiyo iliwahi kumwokoa Jimmy, dereva wa lori. Mwaka 2016 lori lake lilititia kwenye tuta la bwawa la tisa, likalala ubavu na shehena yake. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imeshachapwa. Mwambire akaomba apewe saa moja na kipande cha chaki, akarudi nyuma kama anavyochambua mchezo: kutoka kwenye lori hadi kwenye tuta, kutoka kwenye tuta hadi kwenye unyevu wake, na kutoka hapo hadi kwenye lango la maji lililoachwa wazi siku tatu kabla, na zamu iliyokuwa na upungufu wa watu wawili. Barua ikachanwa. Jimmy yupo nasi hadi leo, na kitinda mimba wake anaitwa Mwambire.

Sasa nije kwenye lile mnalolingoja, yaani Jumamosi ya tarehe 16 mwezi huu.

Timu yetu ni ya watu watatu: Mwambire, Peterson na mimi. Kwa miaka kumi na tisa tumewania ngao ya viwanda vya pwani bila kuitia mkononi, mara nne tukiishia nafasi ya pili. Huu ulikuwa mwaka wa mwisho wa Mwambire, naye hakuficha kitu. Alisema hataki saa ya ukutani wala blanketi, anachotaka ni kuondoka na ile ngao. Siku ya mwisho ya mashindano tulicheza hapahapa kantini na kiwanda cha maziwa cha kutoka Mariakani, tukiwa tumewatangulia kwa pointi moja. Tukitoka sare, ngao ni yetu. Peterson akashindwa, mimi nikashinda. Ikabaki meza ya Mwambire na Kyalo, dereva wa lori la maziwa, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Hata sare kwenye meza hiyo ingetutosha.

Mwambire alianza na askari wa mfalme, akatoa farasi wote wawili mapema, akamhifadhi mfalme wake pembeni. Kufikia hatua ya ishirini malkia wote walikuwa wamekwisha kuliwa, na kufikia ya ishirini na tano kila upande ulibakiwa na mfalme, ngome moja na askari sita. Askari wa Mwambire walikuwa wametangulia kidogo, ngome yake inalinda nyuma. Ulikuwa mchezo wa kupigisha miayo, na kwetu hiyo ilikuwa habari njema. Kila mmoja akitulia, hakuna wa kumfanya mwenzake lolote.

Hatua ya thelathini na moja king'ora kikalia. Mwambire akaandika hatua yake kwenye karatasi, akaikunja, akaichomeka chini ya ubao, akavaa kofia, akatoka kwenda kukagua lango la bwawa la nne. Saa yake ya mchezo inakimbia mezani! Mwili ulioitika king'ora kimoja miaka yote hiyo haukukumbuka kwamba leo ni mashindano. Sisi kwa sheria hatukuruhusiwa kutamka neno. Peterson alikohoa mpaka akaletewa maji. Aliyetuokoa ni Kyalo mwenyewe, aliyemwomba mwamuzi mtu atumwe kumwita mpinzani wake. Mwambire alirudi anahema, amebakiwa na dakika tatu.

Akacheza ile hatua aliyoiandika: akaipeleka ngome mbele imsindikize askari wa pembeni awe malkia. Nyuma kukabaki wazi. Ngome ya Kyalo ikaingia, ikala askari wawili, na njia ikasafishika kwa askari wa Kyalo kukimbia mpaka mwisho. Hatua ya arobaini na nne Mwambire alimlaza mfalme wake, kukubali kwamba ameshindwa. Ngao ikapakiwa kwenye gari la watu wa Mariakani, wakaenda zao.

Siku mbili nzima tulikilaani king'ora. Hannah alitaka kuwaandikia barua waandalizi. Mimi nilimtumia Mwambire ujumbe kwamba hana kosa hata chembe, na kwamba ingekuwa si kelele ile, leo tungekuwa tunaing'arisha ngao.

Jumatatu mchana, kantini imefurika, akasimama mbele ya ubao wa zamu. Tulitaraji aende moja kwa moja kwenye hatua ya thelathini na moja, aicheke, tumcheke, yaishe. Akaipita. Akarudi thelathini, ishirini na tisa, akasimama kwenye ya ishirini na nane, pale alipomsogeza askari wa pembeni na sote hatukuona ubaya wake. Akaigonga kwa chaki.

"Hapa Kyalo alikuwa ameniambia tuwe sare," akasema. "Nilimsikia vizuri. Nikasogeza askari."

Aliendelea kueleza bila kujitetea. Alijua sare inatosha, na kwamba ngao ingekuwa yetu kwa kupeana mikono tu. Lakini alitaka kuagwa na ushindi, watu waseme Mwambire ndiye aliyeileta. Akasema tusikionee king'ora, kwani hatua aliyoiandika ilikuwa mbaya kabla hajavaa kofia, na hata angebakiwa na nusu saa angeicheza ileile, kwa sababu alikuwa anatafuta ushindi mahali ambapo haukuwepo. Akatuomba radhi, Peterson na mimi, kwa majina. Kisha akafuta ubao.

Nasema kweli, nilikasirika. Nilikuwa nimeushinda mchezo wangu kwa jasho, na ngao imetuponyoka kwa ajili ya sifa za mtu mmoja. Jumatatu hiyo sikumsemesha, wala Jumanne. Jumatano nikiwa mizanini nikaanza kurudi nyuma kama alivyonifundisha, nikagundua jambo ambalo hasira haikunionyesha. Kyalo hakumwambia mtu. Mwamuzi hakusikia. Mwambire angeweza kuondoka hapa akiwa shujaa aliyeonewa na king'ora, na tungemlilia kwa machozi ya kweli. Mchana ule nikamfuata, nikampa shikamoo yake, akaniitikia marahaba, tukabishana kuhusu hatua ya thelathini na sita mpaka chai yangu ikapoa.

Jumatano ya wiki hii meneja wetu, Bwana Gerishom, alikuja kantini na karatasi mkononi. Ulikuwa mkataba wa mwaka mmoja zaidi: Mwambire abaki awe mshauri wa mabwawa, na mwakani aifuate ngao kwa mara nyingine. Tulishangilia. Peterson alikuwa ameshaanza kutaja tarehe za mazoezi, na mimi nilikuwa nimemshikia kalamu. Nilitaka atie saini, siwezi kuficha. Nilitaka aipate ile ngao kuliko alivyoitaka yeye.

Mwambire aliusoma mkataba mpaka mstari wa mwisho. Ana shamba la mikorosho nyuma ya Mambrui, magoti ambayo bado yanakubali kuinama, na mke, Mama Kabibi, ambaye tangu mwaka juzi anamwuliza chumvi ina nini ambacho yeye hana. Ana miaka thelathini na mitatu ambayo ndani yake hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyepoteza maisha kwenye mabwawa yake. Ngao hana. Aliikunja karatasi, akamrudishia meneja kwa mikono miwili.

"Bwana Gerishom, hapa tulipofika ni sare nzuri," akasema. "Safari hii naipokea."

Akanyoosha mkono, na meneja akaushika.

Nasi sote, kuanzia mabwawani hadi mizanini, tunakunyooshea wetu, Mzee Mwambire. Asante kwa kazi, na asante kwa ile Jumatatu. Kaishi vyema na wako.