Kadi Zilizobaki Kabatini: Maisha ya Wendell Ostrander, 1936–2022

Marehemu Wendell Roy Ostrander alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 mjini Taft, California, mtoto wa nne wa Bwana Roy, mchimba mafuta, na Bibi Hazel. Mama yake alisema alizaliwa akipiga kelele na hakupunguza sauti tena. Alisoma hapo hapo Taft, akamaliza sekondari mwaka 1954, kisha akatumikia Jeshi la Majini miaka mitatu.

Mwaka 1958 aliajiriwa katika kituo cha mlimani, hapo juu ya mji wetu wa Palo Seco, kulikojaribiwa injini za roketi na mitambo ya nyuklia. Aliipenda kazi ile kupita kiasi.

Tarehe 10 Juni 1961 alimwoa Ione Pruitt. Viapo vikiwa katikati, injini ikanguruma mlimani, meza ikatikisika, na keki ya ghorofa tatu ikabaki na mbili. Bwana harusi akainua kidole: "Hiyo ni ya kwetu, jukwaa la majaribio la tatu!"

"Wewe bwana," akasema Ione mbele ya mchungaji, "unanioa mimi au unaoa injini?"

Walijaliwa watoto wawili. Ione alitangulia mwaka 2011.

Sasa lile ambalo marehemu alitaka lisemwe. Kila fundi alivaa kifuani kadi ya kupima mionzi. Kadi ikionyesha mionzi mingi, mwenyewe aliondolewa kwenye mtambo akafagie uwanja, na hakuna fundi aliyetaka ufagio. Marehemu, akiwa kiongozi wa zamu, aliwafundisha wenzake kuziacha kabatini. Kadi zikawa safi kabisa, watu wakaendelea kuingia kwenye mtambo.

Rafiki yake wa zamu ile, Delmar Quigg, alifariki kwa saratani ya damu mwaka 1994. Mjane wake, Bernadine, aliomba serikalini mara mbili itambuliwe kwamba kazi ndiyo iliyomuua mumewe. Mara zote akajibiwa kwamba kadi ya Delmar haikuonyesha kitu. Marehemu alijua sababu, akanyamaza kwa aibu. Inatuuma kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 2018, naye akiwa ameshaambiwa ana saratani ya figo, alimpelekea Bernadine bakuli la pichi akamweleza yote.

"Ulijua miaka yote hii, Wendell?"

"Nilijua, shemeji. Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Basi kaa hapo uandike, kabla sijakurushia bakuli lako."

Aliandika kurasa kumi na moja, akala kiapo. Novemba 2021 ombi la Bernadine lilikubaliwa. Siku hiyo walicheka kwenye simu mpaka muuguzi wa marehemu akaja kumnyamazisha.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2022, saa nne asubuhi, akibishana na redio.

Ameacha watoto wawili, Corliss ninayesoma haya na Dwight, wajukuu watano, dada yake Arletta, na Bernadine, aliyeketi safu ya mbele na familia.

Mlima bado umezungushiwa uzio na udongo wake bado haujasafishwa. Wajane wengine wanne wa zamu ile bado wanajibiwa kwamba kadi zilikuwa safi. Kwa hiyo marehemu aliagiza: "Corliss, watakaokuja kunizika wasile mpaka waandike." Daftari liko kwenye meza ya chakula, kabla ya viazi. Kama ulifanya kazi kule na kadi yako ikabaki kabatini, andika jina lako na mwaka, wajane hao wapate ushahidi.

Mungu amlaze mahali pema. Kalamu zipo.