Nyanya Zilizoota Kwenye Tope

Benchi letu ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali manne, kati ya cherehani yangu na meza ya fundi redio tunayemwita Profesa. Mama Birika hukaa mbele yetu na jiko lake la mkaa, na anayekunywa kahawa bila kuchangia hoja humkata jicho kama vile kamwibia sukari. Asubuhi ile ukungu ulikuwa haujaondoka. Wapita njia walitokeza miguu kwanza, nyuso baadaye, na mvuke wa birika ulipanda ukapotelea humohumo. Bwana Majitaka alikuwa keshafika na viatu vyake vya mpira. Tunamwita hivyo kwa sababu amefanya kazi miaka thelathini kwenye mabwawa ya majitaka ya mji, na jina lenyewe analipenda. Siku hiyo lakini tulimwita mara mbili ndipo akaitika.

Shida yake alitueleza polepole, macho yakiwa ndani ya kikombe. Mwisho wa mwezi anastaafu. Idara imeanzisha mradi: tope linalobaki chini ya mabwawa linakaushwa liwe mbolea, na mbolea hiyo inakuza matete marefu ya kwenda kuchomwa kwenye mtambo wa umeme. Kila mstaafu anapewa nusu eka ya kulima matete hayo. Kwa mtu aliyefiwa na mke, watoto wako mbali, nusu eka hiyo ndiyo ingemtoa kitandani kila asubuhi. Sharti ni moja tu, kisiote humo kitu cha kuliwa, maana tope halijapimwa kwa ajili ya matumbo ya watu. Mkaguzi alikuwa anapita siku hiyohiyo saa nne. Na katikati ya matete yake zilikuwa zimeota nyanya.

— Nani kazipanda? nikamuuliza.

— Hakuna aliyezipanda, fundi. Zimetoka ndani ya tope.

Profesa akaiweka chini redio aliyokuwa ameipasua tumbo.

— Hilo halina muujiza, mzee wangu. Mbegu ya nyanya haisagiki tumboni. Unakula, inapita, inashuka na maji ya choo, inafika bwawani nzimanzima. Hizo nyanya ni za mji mzima.

— Kwa hiyo na mimi nimo? Mama Birika akadakia.

— Umo. Tumo wote.

Hapo kikawaka. Mama Birika alidai hisa kubwa kuliko sisi kwa kuwa yeye ana watoto saba na wote wanakula kama mchwa. Mimi nikasema nijitoe kwenye kesi, nyanya zinanichoma tumbo tangu zamani. Nikaambiwa la zamani hilo ndilo lenyewe, tope halisahau.

Profesa akishapata upepo hashikiki. Alisema tunajidanganya kwamba tukivuta maji chooni kitu kimekwenda. Hakiendi popote, kinazunguka tu kutafuta njia ya kurudi. Tete linakinywa, tete linachomwa, maji yanachemka, na jioni ukibonyeza swichi, unawasha chakula chako cha mwaka juzi. Mtaa wenye harusi utang'aa wiki nzima. Nyumba ya bahili taa yake itakuwa inakohoa. Mama Birika akauliza waliofunga je, na Profesa akajibu bila kusita kwamba hao mwanga wao utakuwa mwembamba lakini mtamu kusomea.

Tulicheka. Ng'ambo ya barabara taa ya nguzoni ilikuwa bado inawaka ndani ya ukungu, mtu wa kuizima kasahau. Wote watatu tukawa tunaitazama. Nakiri nilijiuliza ni nani yule anayewaka.

Bwana Majitaka ndiye peke yake aliyekuwa hatazami.

— Tope la shamba langu nililichimba kwa mikono yangu, akasema. Lilikuwa limelala chini ya turubai miaka miwili na miezi kadhaa.

Mama Birika alikuwa anamimina kahawa. Akaacha kumimina.

— Miaka miwili na miezi, shemeji alikuwa hai.

— Alikuwa hai.

— Na alivyokuwa anazipenda. Mbichi, kwa chumvi, kasimama mlangoni hata hakai.

— Ndiyo, mama, akasema Bwana Majitaka. Ndiyo hivyo.

Profesa akafungua mdomo aendelee na nadharia yake, nikamkanyaga. Sikutaka afike huko. Nikamwambia mzee kwa upole kwamba saa tatu imeshagonga, kung'oa miche michache ni kazi ya dakika tano, na akiikosa nusu eka atakaa ndani akiongea na kuta.

— Nilikwenda juzi, fundi. Jana nikaenda tena. Nashika shina, naliachia, narudi nyumbani.

Ndipo ukungu ukamtoa mwanamke mmoja mwenye faili kwapani na matope hadi magotini. Akatuamkia vizuri, akauliza mwenye shamba la mwisho la matete ni nani, maana ameanza ukaguzi mapema na majirani wamemwelekeza benchini. Bwana Majitaka akasimama.

— Mzee wangu, kule kwako kuna miche kumi na mmoja ya nyanya, akasema mwanamke yule. Imeegemezwa vijiti, imefungwa kwa vitambaa hivi.

Akanyoosha mkono. Kitambaa kilikuwa cha zambarau chenye madoadoa meupe. Nilikijua kabla hajakikunjua, kwa sababu gauni lile nililikata mimi, na mwenye gauni alinigombeza siku mbili kwa ajili ya mikono kuwa mifupi. Nikainamia cherehani, nikajifanya natunga uzi.

Mkaguzi akavuta kalamu. Hakuwa na ukali wowote. Alionekana mtu aliyechoka anayetaka kumaliza fomu yake kwa haki.

— Hapa nina nafasi mbili tu, magugu au mazao. Nikiandika magugu, yang'olewe leo mbele yangu. Nikiandika mazao, shamba linarudi idarani. Sipendi kubahatisha. Niambieni ninyi, hizi ni nini?

Profesa, mwenye majibu ya dunia nzima, akaokota bisibisi na kuigeuzageuza. Mama Birika akainamisha birika kwenye kikombe cha mgeni, yakatoka machicha matupu. Mkaguzi akasubiri, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

— Binti yangu, akasema Bwana Majitaka, iko moja imeanza kuwa nyekundu tangu juzi.