Kuni za Matanga Yangu

Asanteni kwa kiti, lakini nitasimama. Mwenyekiti wetu amenionea huruma mpaka ameniwekea na mto. Mama, miguu hii nimeipata kwa taabu, acha niichoshe kidogo. Mulembe kwenu nyote, akina mama wa kikundi, wageni wetu, na nyinyi wazee wa kanisa mlioketi kule mlangoni. Mmechelewa leo, ndiyo maana mmekaa hapo. Mimi nilikuwanga nafika wa kwanza na bado napelekwa hapo hapo.

Mliniambia niseme machache kuhusu nyumba. Najua mlivyotaka: niseme asante, nionyeshe miguu, nikae. Asante nitaisema, lakini siwezi kuanzia mkiani. Na sitataja mtu jina. Mwenye kuwashwa ajikune.

Mume wangu alikuwa kibarua wa kukata miwa. Alipokufa aliniachia nyumba ya udongo, mama yake mzee, na binti yetu ambaye alikuwa bado ananyonya. Tangu azikwe, watu waliacha kuita boma langu kwa jina. Wakasema tu "kwa marehemu". Umepitia wapi? Nimepitia kwa marehemu. Mbuzi amepotelea wapi? Kwa marehemu. Mimi nilikuwa hai, napika obusuma, ugali wetu, nafua, nalima, lakini boma lilikuwa la marehemu.

Sakafu yetu ilikuwa vumbi tupu. Mlale chini, mpike hapo hapo, na kuku walale kwenye kona. Ndipo funza wakaja. Wageni wetu pengine hawamjui funza, na kuna wenyeji hapa ambao leo wanajifanya hawamjui. Huyu anaingia mdogo kama chembe ya vumbi, chini ya ukucha, kwenye kisigino. Anakula pole pole mpaka anafura kama punje ya mtama, anataga mayai, mayai yanaanguka kwenye vumbi lile lile, na wenzake wanazaliwa wakikungoja wewe. Mama mkwe wangu walimmaliza visigino. Akawa anatambaa kwa magoti kwenda chooni. Kisha wakaingia kwenye magoti.

Mlisema ni laana. Ukoo wa funza, mlisema. Eti babu wa mume wangu alimnyima kipofu maji, na kipofu akalaani. Mimi huyo babu sikumkuta, wala huyo kipofu sijawahi kupata mtu aliyemwona. Lakini kisimani nilikuwa nateka maji wa mwisho, nyote mkishamaliza, hata kama nilifika kabla ya jua. Kuna dada mmoja alikuwa anavunja kijiti na kuniwekea alama chini: usipite hapa. Shuleni binti yangu alikalishwa peke yake dirishani. Watoto walimpa jina, na jina hilo ndilo mnalolijua wengi kuliko lile la ubatizo.

Kikundi cha maombi kilikuja kutuombea. Nisiwanyime haki yenu, mlikuja kweli. Mlisimama barabarani, mkanyoosha mikono kutoka huko, mkaomba kwa sauti kubwa ili mfike bila kufika. Mama mkwe alikuwa ndani anaitikia amina. Aliniuliza, "Mbona hawaingii?" Nikamwambia wana haraka. Nilimdanganya mzee wa watu ili nisiwaaibishe nyinyi.

Nilijua kidogo kwamba nyumba iliyosiribwa vizuri vumbi halipandi. Lakini kusiriba kunataka mavi ya ng'ombe, na ng'ombe sina. Nilienda kuomba kwa jirani. Ndoo moja tu ya mavi, ndugu zangu. Akaniambia hawezi, ng'ombe wake watashikwa na laana wakauke maziwa. Nikarudi na ndoo tupu. Wakati huo hata vidole vyangu vya mikono vilikuwa vimeingiliwa. Kushika jembe ilikuwa kilio.

Tulikuwa tunatoana funza kwa pini moja. Mimi, mtoto, na mzee. Kila jioni kabla giza halijaingia tulikaa mlangoni, tukachokoana. Hatukuwa na nyingine, na hakuna aliyetuambia kwamba pini inabeba ugonjwa. Kidonda cha mama mkwe kikawa cheusi. Siku moja asubuhi akashindwa kufungua mdomo kunywa uji. Mgongo ukapinda kama upinde. Pepopunda. Nilipiga nduru mpaka sauti ikakauka. Watu walisimama kwenye ua wao wakasikiliza. Alikufa mchana ule, mbele ya mtoto.

Hapo sasa mkaja.

Nyasaye wanje, Mungu wangu, mlikuja! Mnajua desturi yetu: msiba ukitokea, akina mama wanabeba ndoo na kusiriba nyumba kabla wageni hawajaanza kufika. Nilikaa nje nikawatazama. Yule jirani wa ng'ombe alileta mavi ndoo nne, bila kuombwa. Mlisiriba ndani na nje, kuta na sakafu, nyumba ikang'aa kama ya maharusi. Nikasikia mmoja akiwaambia wenzake, "Piteni tena kwenye kona, dada, wageni wasije wakapata funza." Wageni. Mzee aliyelala kwenye kona ile miaka yote alikuwa ndani ya jeneza, na kona yake ndiyo sasa inapakwa.

Lakini nawaambia kitu nilichokiona kwa macho yangu. Wakati wote wa matanga, binti yangu hakupata funza mpya hata mmoja. Nilimkagua kila jioni. Kwanza nilidhani ni huzuni imenifanya nisione vizuri. Nikamkagua tena. Hakuna. Mlipoondoka, sakafu ikapasuka, vumbi likarudi, na funza wakarudi nalo. Basi nikajiuliza, ni laana gani hii inayoogopa mavi ya ng'ombe?

Cheka, mama, usijizuie. Mimi sikucheka. Nililia kwa hasira, kwa sababu nilielewa kwamba mama mkwe aliuawa na ndoo moja niliyonyimwa. Na mtoto wangu alikuwa ameanza kutembelea pembeni mwa nyayo, vile vile alivyoanza bibi yake. Nilijua anakoelekea. Nilikuwa nikimwangalia akienda chooni nafunga macho.

Shemeji yangu naye, ndugu wa mume wangu, akaja na ushauri. Akasema nirudi kwetu, nimwachie shamba aongeze miwa, maana boma limeshaoza. Nikamuuliza, na mtoto? Akasema, "Mtoto ni wa ukoo, lakini kwa sasa nenda naye." Mpaka apone, alimaanisha. Ukoo ulikuwa unamtaka mtoto akiwa na miguu.

Watu wa sakafu walifika wakati huo. Jina la shirika lao lina maneno marefu, sisi tunawaita hivyo tu. Alikuja msichana mmoja kwa bodaboda, akateremka, akanipa mkono. Nikaurudisha wangu nyuma. Akaufuata mpaka akaushika, na vidonda vyake vyote. Wote waliowahi kuja walikuwa wakitazama miguu yangu kisha wanatazama pembeni. Huyu alisema, "Mama, naomba nione sakafu yako." Nikadhani sikusikia vizuri.

Aliingia, akachuchumaa kwenye kona ile, akachukua vumbi kiganjani. Akaniambia, "Ugonjwa wenu uko hapa. Tukiwatibu miguu na kuwarudisha kwenye hili vumbi, tutakuwa tumecheza." Nikamweleza mambo ya matanga, jinsi mtoto alivyopumzika. Akasema, "Kumbe unajua tayari." Ndugu zangu, sijawahi kuambiwa neno tamu kama hilo, na mume wangu alikuwa mtu wa maneno matamu.

Mpango wao ulikuwa hivi: mimi na mtoto tupelekwe zahanati tuoshwe na kutibiwa, na huku nyuma mafundi watengeneze nyumba, ili tukirudi turudi mahali pazima. Gari lilikuja. Siku hiyo nilikuwa siwezi hata kukanyaga, kwa hiyo walinifunika leso kwa sababu ya baridi, wakanibeba wawili, mmoja kichwani mmoja miguuni, wakaniingiza kwa gari. Mtoto akafuata akilia kwa sababu aliogopa sindano.

Jirani zangu walitazama hayo yote kutoka kwenye ua wao. Hakuna aliyevuka kuuliza.

Zahanati walitupaka mafuta yanayomziba funza pumzi akafia humo humo. Hakuna pini. Huku nyumbani mafundi walitoa vitu vyangu vyote nje, kitanda, sufuria, kuku. Wakachota vumbi lote na kulitupa, wakamwaga kifusi, wakashindilia, wakaweka udongo mwekundu na mchanga, wakasugua kwa mawe mpaka ukawa laini, mwisho wakapaka juu mafuta ya kuzuia vumbi. Kuta nazo wakazisiriba. Sasa nyinyi mniambie. Mtu amebebwa amefunikwa leso, mtoto analia nyuma yake, kisha nyumba inatolewa vitu na kusiribwa. Mtu wa kwetu akiona hivyo ataelewa nini?

Hata hivyo mmoja wenu alijitahidi. Aliuliza kwa sauti, akiwa barabarani kama kawaida, "Hapo ni kwa marehemu?" Fundi alikuwa mgeni kutoka upande wa Bukura, ameelekezwa kwa jina hilo hilo. Akajibu, "Ndiyo, kwa marehemu. Tunatayarisha nyumba."

Basi siku tuliyorudishwa, gari lilipokaribia nilisikia nduru. Mtoto akaniuliza, "Mama, nani amekufa?" Nikasema sijui. Tukaingia uani. Nikaona kuni, rundo la kuni limenifika kifuani. Nikaona majani ya chai, sukari, unga, maziwa kwenye mitungi. Nikaona yule dada wa kijiti cha kisimani anagaagaa chini, anasema, "Alikuwa rafiki yangu! Nitateka maji na nani?" Nikaona shemeji ameshika jembe. Alikuwa ameshaanza kuchimba, na wapi? Kando ya choo. Nasikia walimuuliza kwa nini si kando ya mume wangu, akajibu nisije nikamwambukiza marehemu.

Nikamwambia mtoto, "Ni mimi nimekufa."

Nikashuka kwa gari. Kwa miguu yangu. Bado ilikuwa na bandeji, lakini nilikanyaga kisigino, kitu ambacho sikuwa nimefanya tangu sijui lini. Nduru zilikatika moja moja. Mmoja wa wazee wetu wa kanisa alikimbia, na mimi sikujua kwamba bado ana mbio. Yule dada alibaki chini, akaniangalia, akakosa la kufanya akaendelea kulia kidogo.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kuwatukana kwa miaka. Yote yalinitoka kichwani. Niliona watu wameanza kusogea mlangoni, wanataka kuingia wahakikishe, na fundi akapiga kelele kwamba mafuta ya juu ya sakafu hayajakauka. Nikasimama mlangoni nikanyoosha mikono. Nikasema, "Nyumba yangu hamjawahi kutaka kuingia. Leo mnataka, na mimi nawakataza. Kaeni huko huko nje mlikozoea."

Kisha nikasema nikiwa hai nilihitaji ndoo moja ya mavi. Nimekufa nimeletewa mzigo wa kuni. Nikawauliza kama kuna mtu anaweza kunieleza hesabu hiyo. Jirani wa ng'ombe alikuwa ameshika mtungi wa maziwa. Alisema, "Dada, tulikuwa tunaogopa." Nikamwambia, "Hata mama mkwe aliogopa. Yeye alikuwa peke yake."

Kuni nilizichukua. Zote. Mmoja wenu alirudi asubuhi yake kuulizia sukari yake, nikamwambia marehemu ameshainywa.

Sasa naja kwenye asante. Namshukuru yule msichana aliyenipa mkono. Nawashukuru mafundi waliosugua ile sakafu kama wanasugua mgongo wa mtoto, na wauguzi ambao hawakuziba pua. Binti yangu anatembea kwa nyayo nzima. Ukucha mmoja haukurudi, na wakati mwingine anauliza kama utarudi. Nawashukuru hata nyinyi, maana baada ya siku ile wengine wenu mlikuja mchana kweupe mkaniomba msamaha, na jirani wa ng'ombe hupita kwangu hadi leo kuniuliza kama nahitaji kitu. Nimewasamehe wengi. Mmoja bado. Namwomba Mungu anisaidie, lakini asiharakishe.

Funzo langu ni fupi. Laana hailali kwenye damu ya mtu, inalala kwenye vumbi mlilomwacha alalie. Ng'ambo ya mto, nyuma ya shamba la miwa, kuna mzee anayeishi na wajukuu wake wawili. Mnamjua, kwa sababu nimewaona mkizunguka ili msipite kwake. Jana nilienda. Mjukuu mkubwa ameanza kutembelea pembeni mwa nyayo. Watu wa sakafu wamesema watamfikia, lakini kuna nyumba nyingi mbele yake, na mguu haungoji foleni.

Kesho asubuhi mimi nakwenda huko. Wenye ng'ombe mlete mavi, wengine mlete maji na mikono. Mtaingia mpaka kwenye kona. Na mkikutana na mtu njiani, akaziona ndoo akawauliza nani amekufa, mwambieni hakuna. Safari hii tunakwenda kabla.