Kadi Moja, Bunduki Moja

Alhamisi ya tarehe 9 Mei 2024, saa kumi na mbili na robo asubuhi, muuguzi wa zamu alitupigia simu kwamba baba yetu amefariki. Saa mbili ikaingia simu ya pili, ya msimamizi wa kazini kwake wa zamani. Alitupa pole, kisha akaulizia sanduku la kadi. Jibu lake limo humu.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi Shabaha, alizaliwa tarehe 3 Februari 1956, kifungua mimba wa fundi cherehani. Alisoma hadi darasa la nane, na kushona alifundishwa na mama yake.

Mwaka 1979 aliajiriwa kutunza bunduki katika kampuni ya uwindaji. Kila bunduki aliiandikia kadi yake: risasi inashuka kiasi gani kwa kila umbali, na upepo unaisogeza vipi. Mwaka 1981 aliweka kadi mbili kwenye kimfuko kimoja. Mwindaji akasoma isiyo yake, nyati akajeruhiwa, akamvunja mguu mfuatilia nyayo. Baba hakumsingizia mtu. Alishona vimfuko vya turubai vya kufunga mkononi, kila kimoja na namba ya bunduki yake.

Alimwoa mama yetu tarehe 11 Agosti 1984. Mbele ya madhabahu, pete ilitoka kwenye kimfuko cha mkononi. Mama husema siku hiyo alijua ameolewa na ghala zima la bunduki.

Mwaka 2016 msimamizi aliamuru kadi zichomwe, kwa kuwa kila kitu kimo kwenye simu. Baba alimjibu, "Sawa, bosi. Niandikie tu kwamba umezichoma wewe, uweke sahihi, nimwoneshe atakayevunjwa mguu." Barua haikuandikwa. Alipostaafu alilibeba sanduku nyumbani.

Figo zilimsumbua miaka miwili. Alisali, akatibiwa, akabishana na madaktari hadi mwisho.

Jibu letu ni hili: sanduku linarudi ghalani mikononi mwa binti ambaye Baba alimfundisha kazi hiyo. Atakayelichoma aweke sahihi. Msimamizi, tunashukuru umekuja, kalamu ipo.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja.

Asubuhi hii tulimvalisha koti lake la kazi, tukamfunga kimfuko mkono wa kushoto. Ni kitupu. Kadi ni za wanaobaki. Bwana ampokee, ampumzishe.