Viti vya Mbele Pale Kinuni

Benchi la kona linatazamana na lango la kinu. Katikati ni barabara tu, tena nyembamba, mtu akipiga chafya huku, wa kule anamwombea afya. Kinu chenyewe kilikuwa cha unga, kando ya mto, na tangu kifungwe hakuna anayeingia ndani ila popo na mbuzi. Gurudumu lake limeota kutu na majani. Benchi nalo lina sheria moja, inayoheshimiwa kuliko taa za barabarani: ubishi ukishaanza, wa kwanza kunyanyuka kashindwa. Wiki nzima atakalia ncha ya mwisho, upande wa mtaro, avute harufu ya yaliyomo, na kila mpita njia ataelezwa kwa nini kawekwa pale. Spana, fundi baiskeli, alikuwa ametoka upande wa mtaro juzijuzi tu. Asubuhi hiyo alikaa katikati, mahali pa heshima, na hakuwa na hamu ya kurudi kule.

Sasa sikiliza kilichomtoa nyumbani asubuhi hiyo. Mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu, hufundisha watoto wadogo kwenye kibaraza cha nyumba waliyopanga. Mvua ikinyesha, darasa linahamia chumbani, watoto wanasomea juu ya kitanda. Kukiwa kukavu, malori yanapita karibu hadi vumbi linafuta ubao. Na mwenye nyumba keshasema mwezi ukiisha anataka kibaraza chake, aweke duka. Siku hiyo manispaa ilikuwa inapokea maoni ya wananchi: kinu kifanywe nini, kiwafae watu wote? Mwisho saa sita mchana. Mwalimu, huku akimpenga mtoto mmoja kamasi, akamwambia mumewe:

— Mimi siwezi kuwaacha hawa. Nenda wewe. Sema ghala dogo, lile la kando ya lango, wapewe watoto. Bati lake halivuji. Kila mvua ikikatika nachungulia dirishani, sakafu kavu. Usiongeze mengine, baba watoto. Sema hilo tu.

Spana akasema sawa, akaondoka, akapita benchini apate kikombe kimoja cha kulainishia sauti. Kikombe kimoja, jamani! Nani aliwahi kunywa kikombe kimoja pale?

— Hatukushirikishwa! — ndivyo alivyopokewa na Wakili.

Wakili si wakili. Aliwahi kuitwa mahakamani mara moja kutoa ushahidi wa kuku aliyeibwa, na tangu siku hiyo hawezi kuomba hata chumvi bila kutaja kifungu.

— Hatukushirikishwa katika nini? — akauliza Posta, mzee aliyestaafu kazi ya kupeleka barua, ambaye hadi leo anajua nani katika mtaa alikuwa akimwandikia nani.

— Katika kinu! Watu wanakuja kugawa kinu chetu, sisi wenye mtaa tumekaa hapa tunatumbua macho, hakuna aliyetuuliza hata habari za asubuhi. Huu ni uonevu, kifungu cha kwanza. Kifungu cha pili, ni dharau!

Ng'ambo ya barabara, chini ya turubai lililofungwa mbele ya lango, kipaza sauti kikakohoa. "Wananchi wote mnakaribishwa kutoa maoni yenu kuhusu kinu. Karibuni sana, viti vipo."

— Na huyo naye kelele gani hizo? — Wakili akafoka. — Watu wanazungumza mambo ya maana!

Mama Birika, muuza kahawa wa pale benchini, akammiminia Spana. Ana kawaida ya kumimina huku anakutazama usoni, na siku hiyo alimtazama sana.

— Spana, si ulisema unakwenda pale?

— Nakwenda. Namalizia hiki.

— Aende wapi? — Wakili akaruka. — Ubishi umeshaanza! Au umekubali kwamba tumeshirikishwa?

— Sijakubali.

— Basi kaa.

Akakaa. Yaani alikuwa amekwisha kaa, ila sasa alikaa zaidi, akabana na viwiko.

Kinyozi akatoka dukani kwake, nyuma ya benchi, mashine mkononi. Alikuja kusema neno moja tu. Ndani alikuwa amemwacha mteja, upande wa kushoto kichwa kimeng'aa, upande wa kulia kichaka.

— Nyinyi hamjui lolote, — akasema, na bila kufikiri akaketi. — Pale wanajenga hoteli. Nimemsikia mtu nikimnyoa ndevu. Vyumba vyote vinatazama mto, na sisi tukitaka kutazama mto tutalipa kiingilio.

— Mto wetu! — Posta akapiga goti.

— Mto huu huu uliokuogesha utotoni! Utalipa!

Spana damu ikamchemka. Alikuwa mtu wa kuchemka haraka, na kusema kweli ilikuwa rahisi zaidi kuchemka pale kwenye benchi kuliko kusimama mbele ya watu wenye suti na kuanza na "naomba".

— Haiwezekani! — akasema. — Tutakataa!

— Kinyozi! — ikatoka sauti ndani. — Umalize kichwa changu! Nina usaili wa kazi mimi!

— Nakuja! — Kinyozi akajibu, asitikisike. Angetikisika vipi? Ubishi ulikuwa wake.

— Hoteli ni danganya toto, — akasema Posta, akashusha sauti hadi wote wakainama. — Mimi nimepeleka barua pale kinuni miaka mingi. Unajua kwa nini kilifungwa? Watu wanasema mashine iliharibika. Haikuharibika! Chini ya jiwe la kusagia kuna mlango. Chini ya mlango kuna ngazi.

— Uliiona?

— Ningeiona vipi, na jiwe liko juu yake?

Hoja hiyo ikakosa mpinzani. Mama Birika akaguna.

— Ngazi inakwenda wapi? — akauliza Kinyozi.

— Hilo ndilo wanalolificha! Kwa nini maoni yakusanywe nje, langoni? Kwa nini wasitukaribishe ndani?

— Kuna popo ndani, mzee wangu, — akasema Mama Birika.

— Popo wamewekwa!

Kipaza sauti kikasikika tena. "Ndugu wananchi, bado tunawasubiri. Viti vya mbele bado vitupu. Karibuni." Spana akatazama. Nyuma, chini ya turubai, palikuwa na watu asiowafahamu, wamevaa vizuri, wanaongea mmoja baada ya mwingine, na mama mmoja wa manispaa anaandika. Safu ya mbele haikuwa na mtu. Moyo wake ukamsukuma. Akaweka kikombe chini, akaegemeza mikono magotini, na kiuno kikaanza kuachana na ubao.

— Oyaa! — Wakili akamwelekezea kidole. — Mtaro unakuita?

Wakacheka wote. Kiuno kikarudi mahali pake.

— Nilikuwa najinyoosha, — akasema Spana.

Alijichukia aliposema hivyo, lakini alisema. Akanyoosha kikombe aongezewe, ili mkono upate kazi.

— Hebu nikuulize kitu, Spana, — Mama Birika akasema, safari hii hakumimina upesi. — Mkeo alikutuma nini?

— Alinituma... jambo dogo tu. Ghala.

— Ghala! — Wakili akalidaka. — Mnaona? Mtu anaomba ghala katika kinu chake mwenyewe! Kuomba ni kukiri kwamba si chako. Ukienda pale ukasema "naomba ghala", umewapa kinu kizima. Mahakamani tunaita kujimaliza.

— Mahakamani ulikwenda kwa ajili ya kuku, — akasema Mama Birika.

— Kuku naye ni mali!

Spana akakuna kichwa. Maneno ya Wakili hayakuwa na kichwa wala miguu, hilo alilijua. Lakini yalikuwa yanampa ruhusa ya kuendelea kukaa, na mtu akipewa ruhusa anayoitaka haikagui sana.

Mteja wa Kinyozi akatoka dukani, taulo kichwani, akawatazama mmoja mmoja. Akaenda zake na kichwa chake nusu.

— Atarudi, — akasema Kinyozi. — Aende wapi na kile kichwa? Sasa nisikilizeni, nimeshaelewa. Si hoteli, wala si ngazi. Wanataka maji. Watayatia kwenye chupa, wabandike picha ya mlima.

— Hakuna mlima hapa!

— Ndiyo wizi wenyewe!

— Chupa ni utoto, — Wakili akasema, sasa amesimama kwa sauti bila kusimama kwa miguu. — Watu wakubwa hawahangaiki na chupa. Watauhamisha mto.

Wote wakageukia kinu.

— Watauhamishia wapi? — akauliza Posta kwa heshima.

— Kwao! Wanachimba mfereji nyuma ya kinu, usiku maji yanageuzwa, asubuhi mnaamka hapa mnakuta mchanga. Na kinu bila mto ni nini? Ukuta! Na ukuta unabomolewa bila kibali, kifungu cha...

— Cha ngapi?

— Cha mwisho!

Basi hasira zikapanda, kila mtu akadai chake kwa mkupuo. Posta akaapa atalala juu ya jiwe la kusagia, Kinyozi akaapa kutowanyoa tena watu wa manispaa, na Spana naye, Mungu amsamehe, akapiga ngumi benchi akasema wakija kuuchukua mto watamkuta yeye. Alisema kwa uchungu wa kweli, macho yakamwiva. Mto haukuwa umeombwa na mtu yeyote.

Mama Birika akaliinamisha birika. Likatoa tone moja, likagoma.

— Imekwisha, — akasema.

— Imekwishaje? Mapema yote hii?

— Mapema gani? Mmekunywa birika zima kwa hasira, na hakuna hata mmoja aliyevuka barabara. Mnanichosha! Saa sita imefika hiyo. Haya, vikombe vyangu.

Walikuwa bado wanarudisha vikombe Mwalimu alipotokea. Nyuma yake walifuatana watoto, wameshika kamba moja ndefu, kila mmoja kwenye fundo lake, ndivyo alivyowazoesha kutembea barabarani. Vumbi limewafika magotini. Alikuwa amesubiri nyumbani hadi akachoka kusubiri. Akasimama mbele ya benchi, akamtazama mumewe, kisha kikombe kilichokuwa bado mkononi mwake.

— Baba watoto, umeshasema?

Spana akakificha kikombe nyuma ya goti.

— Shemeji, karibu, — Wakili akadakia. — Suala hili, unajua, lina pande...

— Sijakuuliza wewe, shemeji. Namuuliza huyu. Ghala. Umesema?

Posta akatazama viatu vyake. Kinyozi akawa anaipuliza mashine iliyokuwa safi. Ng'ambo vijana walikuwa wameanza kufungua kamba za turubai. Mwalimu akayaona hayo, na uso wake ukabadilika, si kwa hasira tu, hasira Spana angeizoea. Alionekana kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kutoka mbali, ikamwagika mlangoni. Akavuta kamba, watoto wakavuka barabara nyuma yake.

Hapo ndipo Spana aliponyanyuka.

— Kashindwa! — Kinyozi akaropoka kwa mazoea, kisha akafumba mdomo kwa kiganja.

Mama wa manispaa alikuwa anafunga mkoba wake. Alikuwa mtu wa upole, na upole wake ndio uliouma.

— Tumefunga, mama. Tumesubiri sana watu wa mtaa huu. Waliokuja wote ni wa ng'ambo ya mto. Wanataka maegesho ya malori, na hili ghala dogo la langoni wamependekeza libomolewe, malori yapate kona.

Mwalimu aliwaketisha watoto kwenye viti vya mbele, mmoja mmoja, miguu yao ikaning'inia. Kijana aliyekuja kuvikunja viti hivyo akasita, akarudi nyuma.

Spana akavua kofia. Kumbe halikuwa jambo gumu hata kidogo.

— Tunaomba ghala dogo, lile la kando ya lango, wapewe watoto. Bati lake halivuji.

Mama yule akaufungua mkoba, akatoa kalamu, akaandika akiwa amesimama.

— Nitalipeleka. Lakini nisikudanganye, baba, ni sauti moja mbele ya watu wengi. — Akainua macho, akatazama benchini, ambako wale watatu walikuwa bado wamekaa, kila mmoja akimsubiri mwenzake anyanyuke. — Nilipouliza wazee wa mtaa wako wapi, nilionyeshwa nyinyi pale. Viti hivi vya mbele tuliwawekea nyinyi. Nikasema tusiwabughudhi, maana tuliona mnavyojadiliana kwa uchungu, tukajua mnapanga maoni yenu. — Akamgeukia Spana, na hakuwa na kejeli yoyote, alitaka kujua tu. — Kwa hiyo asubuhi yote ile mlikuwa mnajadili hili ghala?

Spana akaigeuzageuza kofia. Mwalimu naye akamtazama, akingoja jibu.