Picha ya Lynnet Haina Ukungu

Mbele ya duka la dawa za mifugo pale Nyatoto, katika bonde la Lambwe, kuna benchi la chuma lililochomelewa kutokana na ubavu wa lori bovu. Asubuhi mapema lina baridi inayopenya suruali, na ikifika saa tano linawaka kama kikaango, kwa hiyo wenyewe hulikalia kati ya saa mbili na saa tano, muda ambao Filister, muuza kahawa, huwa na birika limejaa. Wa kudumu ni watatu. Yuko Nicanor, mwalimu mstaafu, anayeitwa Japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo, na ambaye hajawahi kuitumia methali mahali pake. Yuko Frankline, mpiga picha za vitambulisho kwenye kibanda jirani. Huyo ni Kamera. Na yuko Stanley, muuzaji wa hilo duka, anayeitwa Dakitari ingawa hajawahi kudunga sindano kiumbe chochote isipokuwa mbuzi wa shangazi yake. Wa nne ni Willis, anayehesabu mbung'o wa mradi wa utafiti, na kwa kazi hiyo walimbandika jina la Mitego. Jumanne hiyo Willis alifika uso umemvimba kama anayeumwa na jino, akakaa pembeni, akaweka simu juu ya goti na asiagize kitu.

— Mitego, kwani nani amekufa? Kamera aliuliza.

— Hakuna mtu amekufa. Lynnet ndiye anaenda Kisumu.

— Huyo msichana wa Migori?

— Huyo huyo. Alhamisi atasimama mbele ya wataalamu na grafu yake. Leo inachapishwa, bango refu kuliko mlango wa kanisa.

— Na yako?

Yake ilikuwa imerudishwa mara mbili.

Miaka mitatu alikuwa akitembelea mitego kando ya fensi ya hifadhi ya Ruma, kila Jumatatu na Ijumaa, vile vitambaa vya bluu na nyeusi vinavyowadanganya mbung'o, akiwahesabu mmoja mmoja, akiandika kwenye daftari kisha kujaza fomu kwenye simu. Miiba ilimjua kwa jina. Lynnet alikuja Januari, na laptopu na viatu vyeupe ambavyo hadi leo vilikuwa vyeupe. Mkubwa wa mradi alipowaambia kila mmoja achore grafu ya mbung'o wa mwaka uliopita, itakayopendeza ndiyo iende Kisumu, Willis alichora ya kwake siku tatu. Lynnet alichora ya kwake kabla ya chakula cha mchana. Idadi zilikuwa zile zile, zote za mikono ya Willis.

— Walisema yangu ina ukungu, alisema mwishowe. Ati namba hazisomeki.

— Uliitunza kama faili gani? JPG? Kamera aliuliza.

— JPG.

— Basi hapo ndipo ulijimaliza, omera, ndugu yangu. JPG ni ya sura za watu. Inapaka pauda. Mtu ana chunusi, JPG inalainisha, anatoka kama bwana harusi. Lakini ukiipatia laini na maandishi, inamwaga vumbi kando ya kila herufi. Na kila ukiifungua ukaitunza upya, inajila kidogo.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Japuonj.

— Japuonj, hii inapungua, haijazi.

— Ndiyo maana nasema. Wewe hukusoma. Siri iko kwa herufi zenyewe. JPG ni Jipange, Picha ni Giza. PNG ni Picha Nadhifu na Ghali. Na PDF ni Picha Daima Fiti. Wazungu walificha Kiswahili humo ndani, sisi tunapita tu.

— Mimi hata PDF nilijaribu, Willis alisema. Nilichukua ile JPG nikaitia ndani ya PDF, nikatuma. Ikarudi tena.

Kamera alicheka hadi kahawa ikamwagika.

— Ukimvalisha punda suti hawi karani! PDF inafaa kama kompyuta yenyewe imechora ndani yake, laini inabaki laini, unavuta hadi kesho haipasuki. Wewe uliweka ukungu ndani ya bahasha safi.

Dakitari alikuwa amenyamaza muda wote, na Dakitari akinyamaza huwa anapika jambo.

— Nyinyi mnasumbukia mafaili, alisema, akiinama kama mwenye siri ya serikali. Jiulizeni, huyo msichana anatoka wapi? Migori. Na Migori iko karibu na wapi? Isebania, mpakani. Picha ya mtu wa Homa Bay inapitia Nairobi, inakaguliwa, inakatwa pikseli kama ushuru. Ya mtu wa Migori inachepuka Isebania, inaingia Sirare ya Tanzania, inazunguka ziwa na kuingia Kisumu ikiwa nzima. Hiyo ndiyo tofauti.

— Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, Japuonj alikubali kwa uzito.

Ilikuwa upuuzi, na Willis alijua ni upuuzi, lakini ulimwingia moyoni kama uji moto. Alitaka waendelee. Alitaka waseme Lynnet ana mtu wake huko juu, au laptopu ni ya kuazima. Filister, aliyekuwa akisuuza vikombe, ndiye aliyemharibia.

— Na yeye mwenyewe hakukuambia utumie gani? Si mnakaa ofisi moja?

— Hakuniambia kitu, Willis alisema.

Alikuwa amemwambia. Mwezi uliopita Lynnet alisimama nyuma ya kiti chake, akasema pole pole: "Willis, hiyo usiitunze JPG. Tunza PDF, ama PNG kubwa." Na Willis, bila kugeuka, alijibu kwamba yeye alianza kuhesabu mbung'o Lynnet akiwa bado anafundishwa kushika kipanya. Msichana akarudi mezani pake. Tangu siku hiyo hakusema tena.

Wakati huo kwenye ncha ya benchi alikuwa ameketi mwanamke mgeni, leso begani, kikombe mkononi. Alikuwa amefika na pikipiki, akauliza njia ya kwa mzee fulani mwenye shamba la nyasi kando ya fensi, akaambiwa mzee anakuja hapo hapo sokoni, amngoje.

— Samahani, alisema. Naitwa Mokeira, nimetoka Ogwedhi. Nauza ng'ombe. Nimesikia mnasema mbung'o.

— Maugo, mama, Japuonj alisema. Huku tunawaita maugo.

— Hao hao. Nataka kukodi hiyo nyasi mwezi ujao, wa tisa. Nina ng'ombe kumi na moja, lori inangoja Ogwedhi nipige simu tu. Lakini mwaka juzi nilipoteza sita kwa ugonjwa wa hao wadudu. Sasa niambieni, kando ya hiyo fensi, mwezi wa tisa, wako ama hawako?

Benchi zima lilimgeukia Willis. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alihisi mgongo wake umenyooka. Alifungua grafu yake mwenyewe.

Mokeira aliishika simu, akaisogeza, akaiweka mbali kidogo.

— Hii ni tatu ama nane?

— Vuta kwa vidole, Kamera alisema.

Alivuta. Namba zilivimba tu, zikawa kama mikate iliyolowa. Laini za mitego zilishikana, huwezi kujua ya tano ni ipi na ya tisa ni ipi.

— Mimi sioni kitu, mwanangu, Mokeira alisema bila ubaya.

Kulikuwa na picha moja tu nyingine. Lynnet alikuwa ameitia kwenye kundi la WhatsApp la mradi kama faili la PDF, na Willis alikuwa hajaifungua kwa hasira. Sasa akaifungua mbele ya watu. Ilitokea nyeupe safi. Kamera akavuta mara moja, mara mbili, mara tano, na kila alipovuta herufi zilizidi kuwa nyeusi, na laini zilibaki nyembamba kama uzi wa nyavu. Kamera alipiga mluzi.

— Ya hapo kwa fensi ni gani?

— Namba tisa, Willis alisema. Hiyo nyekundu.

Mokeira aliifuata laini nyekundu kwa ukucha. Mwezi wa saba juu. Wa nane juu zaidi. Wa tisa ikaanguka mpaka chini kabisa, ikalala kwenye sifuri, halafu wa kumi ikaruka juu tena.

— Mwezi wa tisa hawako hata mmoja, alisema. Halafu wanarudi wote. Walikuwa wameenda wapi?

— Likizo, alisema Japuonj. Hata shule hufungwa.

— Walivuka Tanzania, alisema Dakitari. Nimewaambia juu ya Sirare.

— Labda ni doa tu la picha, alisema Kamera, lakini akavuta tena na kuona si doa.

Willis alikuwa ameiona ile sifuri kwa jicho moja tu na akakumbuka. Mwezi wa tisa mwaka jana nyasi ziliwaka. Moto uliula mtego namba tisa ukabaki nguzo nyeusi, na kitambaa kipya kilikaa mwezi mzima bila kufika. Fomu ya simu ilikuwa inakataa kwenda mbele bila namba. Basi Ijumaa moja, amechoka, akaandika sifuri. Na kila siku ya fomu mwezi huo akaandika sifuri tena. Mbung'o hawakwenda popote. Hakukuwa na mtego wa kuwahesabia. Kwenye grafu yake mwenyewe jambo hilo lilizama ndani ya ukungu. Kwenye ya Lynnet lilisimama kama mlingoti.

Na hapo ndipo wivu ulipomnong'oneza. Alhamisi, Kisumu, mzee mmoja mwenye miwani atanyoosha kidole na kuuliza swali hili hili la mwanamke wa Ogwedhi. Lynnet atasimama hapo na viatu vyake vyeupe, hana jibu. Willis hahitaji kufanya kitu. Anahitaji tu kunyamaza. Alilionja wazo lile, na lilikuwa tamu, asidanganye mtu, lilikuwa tamu kama muwa wa Awendo.

Mokeira alikuwa ameshatoa simu yake na kumpigia mtu wa lori.

— Motari? Eeh. Mambo sawa, mwezi wa tisa hakuna mbung'o huku, nimeona kwa karatasi ya wataalamu. Anza kupakia…

— Mama, ngoja, Willis alisema.

— Nini?

— Mwambie asipakie.

Aliwaeleza. Alieleza akitazama chini, kuanzia moto hadi fomu hadi sifuri. Hata Japuonj alikosa methali.

— Kwa hiyo wako, Mokeira alisema.

— Mimi nadhani wako wengi. Wa nane walikuwa wengi na wa kumi wengi. Katikati sijui. Hakuna mtu anajua.

Mwanamke alirudi kwenye simu, akasema maneno machache ya Kikisii, makali, akakata.

— Na huyo msichana anajua? Filister aliuliza.

Willis aliguna. Halafu akachukua simu yake, akapiga, akaweka spika. Lynnet alipokea kwa kelele za mashine.

— Willis? Sema haraka, niko kwa wachapishaji. Wako kwa bango la tatu, langu ni la nne.

— Usichapishe. Mtego wa tisa, mwezi wa tisa. Ile sifuri si sifuri. Mtego uliungua.

Lynnet alimwambia mchapishaji asubiri.

— Nani aliandika sifuri?

— Mimi.

— Willis! Nimekaa na hiyo laini wiki mbili nikijiuliza. Nilitaka kukuuliza nikaogopa utaninunia.

— Ningenuna, alisema. Ni kweli.

— Sasa niweke nini hapo?

— Usiweke kitu. Laini ikatike. Acha pengo.

— Sawa. Nachora tena, dakika kumi. Huo mtego ulioungua uliupiga picha?

— Niko nayo kwa simu.

— Nitumie, niiweke kando. Hiyo ni ya kamera, JPG inatosha.

Willis aliituma. Kitu kilikuwa bado kinamchoma kifuani, kwa sababu dakika kumi kwake zingekuwa siku tatu, na Alhamisi bado angekwenda Lynnet. Lakini alikuwa anapumua. Kamera alimpigapiga mgongoni. Filister aliinamisha birika juu ya kikombe, yakatoka matone mawili na machicha.

— Imeisha, alisema. Mtaongea na maji.

Mokeira alikuwa ameichukua tena simu ya Willis na kuifungua ile picha, spika ikiwa bado wazi. Hakuwa amemaliza na ile picha. Alikuwa anaisoma kama mtu anavyokagua meno ya ng'ombe sokoni, bila haraka. Ukucha wake ulirudi nyuma kwenye laini nyekundu, ukapanda kwenye laini ya bluu, ukasimama.

— Na hii hapa, alisema. Mtego wa nne, mwezi wa pili. Hii nayo iko sifuri. Hii ni sifuri ya ukweli, ama ni ile yako?

Willis aliangalia. Laini ilikuwa safi, nyembamba, haina ukungu hata kidogo. Alijaribu kuukumbuka mwezi wa pili: jua, mtego wa nne chini ya mteremko, siku aliyougua, siku aliyokwenda mazishini Ndhiwa na akajaza fomu akiwa njiani. Hakukumbuka.

Lynnet alikuwa bado kwenye simu, akisikia yote.

— Willis? alisema. Amekuuliza nini huyo mama?

Willis alisimama, maana chuma kilikuwa kimeanza kuwaka, akachukua simu kutoka mkononi mwa Mokeira kwa heshima.

— Waambie wachapishe la tano kwanza, alisema. Nipe nusu saa. Naenda kutafuta daftari.